Sauti Iliyofungiwa Simuni

Sehemu ya saba

Haya, rudini mketi. Wiki nzima mmenisema kwa kumwacha Fundi amesimama katikati ya chumba chake cha kushonea, simu imemzimikia mkononi, kisha ikawaka yenyewe na kuleta maandishi ambayo hakuyaandika. Mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia sina utu. Utu ninao, mama. Nafasi gazetini ndiyo niliyoishiwa.

Maandishi yenyewe haya hapa.

"Tumeifunga simu hii. Leo kikaoni sema mtoto aende kwa baba yake. Ukikataa, tunaifuta sauti ya marehemu."

Kwa aliyekuja leo, nasema mara moja, sirudii. Fundi ni mshonaji. Dada yake aliugua, akafariki, akamwachia binti, Kibibi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alianza kuongea kama bibi kizee kabla meno hayajatimia. Kabla ya kufa, dada alirekodiwa kwenye simu ya Fundi akisema mtoto alelewe na mdogo wake. Sasa Baba Kibibi, mwanamume ambaye tangu mtoto azaliwe hajaleta hata kipande cha sabuni, amerudi na ukoo wake kumdai. Vikao viwili vimeshapita, watu wamebishana mpaka mate yakawakauka. Kaka mkubwa wa huyo bwana, ambaye hakuwahi kuhudhuria, akatuma ujumbe: "Nakuja mwenyewe. Nikiisikia sauti ya marehemu kwa masikio yangu, tunaondoka na haturudi. Nisipoisikia, mtoto ni wetu."

Kikao ni leo alasiri, sebuleni kwa Fundi, mlango mmoja tu kutoka kwenye cherehani zake. Sauti imo ndani ya simu. Kwingine haipo.

Fundi alibonyeza pembeni, akabonyeza katikati, akaipuliza simu kama anapuliza pasi ya mkaa. Maandishi yakabaki palepale.

"Makasi," aliita. "Makasi, njoo uone."

Makasi alitoka nyuma ya meza ya kukatia, chaki ameibana sikioni. Huyu ndiye shoga yake wa kufa na kuzikana. Jina walimpa wateja, maana yeye hukata na Fundi hushona, tangu enzi zile wanashona sare za shule kwenye kibaraza cha watu. Alisoma maandishi, akajishika mdomo.

"Wadukuzi," alisema. "Hao wako ng'ambo huko, shoga. Wanaingia kwenye simu ya mtu bila hodi."

"Wa ng'ambo wanamjuaje Kibibi?"

"Wamelipwa. Baba Kibibi hashindwi na hilo."

Fundi alikaa juu ya marobota ya kitambaa. "Basi nimekwisha. Mtoto anaondoka."

"Haondoki." Makasi alipiga magoti mbele yake. "Mimi si nilikuwepo? Dada anasema yale maneno, mkono wake nimeushika mimi. Leo nitasimama mbele ya huyo mzee niseme nilichosikia. Sauti ikipotea, shahidi yupo."

Fundi alimkumbatia akalia begani kwake. "Usingekuwepo wewe, sijui ningeshika wapi."

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," Makasi alisema, akamfuta machozi kwa kipande cha bitana. "Hebu nipe hiyo simu. Pale stendi nina fundi simu wangu, anafungua hata zilizowashinda wenzake. Nitarudi kabla ya wazee."

Akampa.

Najua mnachotaka kusema. Mimi nilikuwa naandika huku nampigia kelele, lakini watu wa kwenye hadithi hawasikii.

Mlangoni Makasi aligeuka, akaangalia gauni jeupe lililovishwa sanamu la kupimia karibu na dirisha. Lilikuwa gauni lake mwenyewe la harusi. "Limebaki nini?"

"Pindo na vifungo vya mgongoni. Jumamosi utalivaa, huyo bwana wako asiyeonekana apotewe na maneno."

Makasi alicheka kidogo, akaenda zake. Bwana harusi wake hakuna aliyewahi kumwona. Anafanya kazi mbali, ndivyo alivyosema, na atafika siku ileile. Fundi hakumdadisi hata siku moja. Mtu akiamua kumficha bwana wake, mficho ni wake.

Makasi hajafika hata kona, akaingia Miwani kufuata suruali yake iliyopunguzwa. Huyu ndiye fundi simu wa kibanda cha ng'ambo ya barabara. Ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na huzibadilisha kila anaposikia jambo zito.

"Mbona macho mekundu, dada?"

Fundi akamweleza.

"Simu ilikuwa na namba ya kufungulia?"

"Haikuwa nayo. Mikono yangu mchana kutwa ina chaki na mafuta ya cherehani. Ningekuwa nabonyeza namba saa ngapi?"

"Basi namba kaiweka aliyeifunga. Na kaifunga kwa mbali, kupitia akaunti ya simu. Akaunti ni ya nani?"

"Ya kazi. Mimi na Makasi tulinunua simu pamoja, tukafungua akaunti moja."

Miwani alisimama kukunja suruali. "Watu wawili, akaunti moja?"

"Tuliona ni akili. Yeye akipiga picha ya mtindo, inashuka kwenye tableti ya dukani. Nikipiga mimi, vilevile. Mteja akija, tunamwonyesha hapo."

"Neno la siri analijua nani?"

"Makasi. Mimi lilinitoka siku ileile."

Miwani akavua ya machoni, akashusha ya kichwani. "Dada yangu, hapa hakuna mdukuzi. Mdukuzi huvunja mlango. Huyu ameingia na funguo."

"Basi wamemwibia Makasi neno la siri," Fundi alisema, akainuka haraka. "Maskini, hajui kama ameibiwa. Mpigie tumwambie."

Miwani akapiga. Simu iliita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu haikuita kabisa.

"Yuko kwenye kelele za stendi," Fundi alisema.

"Huenda." Miwani aliangaza macho chumbani. "Hiyo tableti iko wapi?"

Ilikuwa chini ya lundo la bitana. Ilizima tangu Kibibi alipokanyaga waya wa chaja ukakatika, na kazi za harusi zilivyobana hakuna aliyekumbuka kununua mwingine. Miwani alivuka barabara, akarudi na waya wake. Tableti ikakaa kimya kidogo, kisha ikaamka na kudaka mtandao wa kibandani kwake.

Picha zikaanza kushuka. Kola. Mikono ya puto. Mgongo wa mteja fulani mnene aliyekataa kupimwa mbele ya watu. Kola tena. Zote zilizopigwa tangu tableti ilipozima zilikuja kwa foleni, kila picha inaisukuma mwenzake.

Halafu ikaja moja ambayo haikuwa mtindo.

Makasi amesimama mbele ya ukuta wa buluu, amevaa gauni jeupe. Fundi alilitambua kabla hajamtambua mtu. Ni hili lililopo dirishani. Alikumbuka Makasi aliliazima siku moja, akasema anakwenda kumwonyesha mamake.

Pembeni yake, mkono kiunoni kwa Makasi, amesimama Baba Kibibi.

Katikati yao amesimama Kibibi.

Miwani alisema kitu, Fundi hakukisikia. Alikuwa anaangalia nguo ya mtoto. Kigauni cheupe, kitambaa kilekile. Vipande vilivyobaki kwenye gauni la harusi Makasi alivikusanya akasema atashonea vifuko vya zawadi. Pindo la kigauni lilikwenda upogo. Makasi hajawahi kujua kushona pindo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu Fundi wetu nguo yenyewe aliishona kwa mkono wake, akaipiga na pasi.

"Jumamosi," alisema kwa sauti ndogo. "Anaolewa na Baba Kibibi Jumamosi. Na mimi ndiye ninayemtilia vifungo."

Yule mwanamume hakumshtua, alishamzoea. Aliumia alipomkumbuka Makasi akipiga magoti pale chini na kumfuta machozi kwa bitana.

"Simu nimempa mwenyewe," alisema. "Nimemwekea mkononi."

"Nakwenda stendi kumtafuta," Miwani alisema. "Lakini nikuambie ukweli, dada. Simu ikifutwa, ile sauti mimi siwezi kuirudisha. Mwingine akikuambia anaweza, anakula muda wako." Akaondoka mbio, suruali akaiacha.

Fundi alibaki na gauni. Alilivua kwenye sanamu, akakaa nalo mapajani. Akachukua mkasi mkubwa wa Makasi, akaufungua, akaupachika kwenye sketi. Mkono ukakataa. Kila mshono pale ulikuwa wake, na mwingine aliushona akiwa na homa ili shoga yake asiaibike. Akaweka mkasi chini, akatafuta wembe wa kufumulia.

Alikuwa ameshafumua nusu ya pindo Makasi alipoingia kwa mlango wa nyuma, anahema.

"Shoga, pole. Fundi simu wangu anasema haifunguki, lazima ifutwe yote ianze upya. Lakini usijali, mimi si nipo?" Akaliona gauni. "Mbona unalifumua? Limekosewa?"

"Ndiyo. Limekosewa bwana."

Makasi aliiona tableti mezani, picha imekaa wazi. Mkoba ukamteremka begani.

"Umeiwasha," alisema.

"Imejiwasha. Kama simu yangu ilivyojifunga."

Nje gari la takataka lilipita na kengele yake, mpaka likapotea.

"Nilikupima kwa mikono hii," Fundi alisema. "Ulisimama hapo, ukanyanyua mikono, nikakuzungushia futi. Ukaniambia bana kidogo kiunoni, bwana anapenda kiuno. Nikacheka. Ulikuwa unanisikiaje nikicheka, Makasi?"

"Vibaya."

"Nataka simu yangu. Vinginevyo nafumua hili mpaka kwenye kola, Jumamosi uolewe umevaa khanga."

"Fumua." Makasi alivuta stuli akakaa mbele yake. "Unadhani nalilia gauni? Au unadhani nampenda yule? Yule mwanamume akianza kujisifu hata nzi wanahama. Sikumtaka yeye."

"Ulimtaka nani?"

"Kibibi."

Fundi aliacha kufumua.

"Nimemtaka Kibibi tangu anatambaa," Makasi alisema, na sasa alikuwa anaongea haraka kama mtu anayetapika. "Mimi sikujaliwa kuzaa, unajua, ulinisindikiza mwenyewe hospitali ile siku walipotamka. Nani alikuwa anamwamkia yule mtoto usiku, wewe umeinamia cherehani? Nani kamfundisha kufunga kamba za viatu? Akiumwa jino anamwita nani?"

"Anakuita wewe," Fundi alisema. "Nilifurahi akikuita wewe. Nilisema mtoto wa dada yangu amepata mama wawili."

"Siku dada yako anakufa, mkono wake nimeushika mimi. Wewe ulikuwa umeshika simu. Akafumbua mdomo, nikasema sasa atatutaja. Akasema mdogo wangu. Basi. Mimi niliyekuwa namgeuza kitandani, hakunitaja. Nikasubiri mpaka mwisho anitaje."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Nigawie? Kila ukiipiga ile sauti kikaoni nilikuwa naambiwa upya kwamba mimi ni mpita njia. Baba mtoto aliponifuata akaniomba nimsaidie maneno, nikaona mlango. Nikiolewa naye, mimi ni mama wa kambo, na mama wa kambo ana karatasi ya ndoa."

"Na shahidi? Ulisema utasimama leo."

Makasi aliangalia chini. "Ningesimama. Ningesema sikusikia vizuri."

Hapo ndipo Fundi alipolia. Alilia kwa sauti, gauni mapajani, wembe mkononi, na Makasi naye akalia. Ungeingia bila kujua ungedhani wamefiwa na mtu mmoja. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakuketi nawe mezani miaka yote akijua siku ya teke.

Fundi alijifuta kwa kiganja, akainuka. "Simu."

"Sinayo."

Fundi aliuchukua mkoba akaumwaga mezani. Chaki, futi, kitana, simu ya Makasi imezimwa. Yake haimo.

"Umeifanya nini?"

"Nimempa Kibibi."

"Kibibi yuko shule."

"Nimempitia. Nilimwahidi."

Kabla Fundi hajauliza ahadi gani, wote wawili walisikia. Ilitoka sebuleni, nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke anayekohoa. Kisha ikasema, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi: "Mdogo wangu… unanisikia?"

Fundi alilivuta pazia.

Kibibi alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa, lile la wageni, miguu haifiki chini. Amevaa sare ya shule. Begi lake liko kando, na kutoka ndani yake kipande cha kitambaa cheupe kimechungulia. Simu iko mkononi mwake, imefunguka, inawaka, na maandishi ya vitisho hayapo.

Aliisimamisha sauti kwa kidole. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mama." Fundi alipiga magoti kwenye zulia. Moyo wake ulikuwa umepona ghafla, maana sauti ilikuwa hai. "Umeifunguaje?"

"Namba niliichagua mimi."

"Makasi alikuambia uichague?"

"Hapana." Kibibi alipapasa nafasi kochini. "Inuka ukae hapa tuongee. Magoti yako mabovu."

Fundi akakaa. Mlangoni pa pazia Makasi alisimama na gauni aliloliokota sakafuni, hakuingia.

"Mama Makasi alitaka kuifuta," Kibibi alisema. "Nikamwambia asifute, tuifunge kwanza, na simu anipe mimi. Maneno ya kutisha kayaandika yeye. Kufunga ni wazo langu."

"Wazo lako." Fundi alilisema polepole. "Wewe. Kwa nini, mwanangu? Hutaki kukaa na mimi?"

Mtoto alifikiri. Huyu hajawahi kujibu haraka, hata ukimuuliza kama amekula.

"Unajua kikao cha kwanza nilikuwa nimekaa wapi?"

"Hapa, pembeni yangu."

"Ukaipiga. Mama akakohoa, akasema, akanyamaza. Watu wote wakaniangalia mimi. Kikao cha pili ukaipiga tena. Na usiku ukidhani nimelala unaipiga. Kila ukiipiga mama anakufa, mama mdogo. Mimi nimechoka kufiwa."

Fundi aliinyoosha kola ya sare ya mtoto.

"Mama Makasi akasema nikienda kwake haitapigwa tena, hata siku moja. Nikasema ngoja kwanza." Kibibi aliigeuza simu mapajani. "Kwa sababu baba akija anasema namtaka mtoto wangu. Mwongo, lakini anasema. Mama Makasi naye anasema. Wewe hujawahi kusema. Wakikuuliza, unabonyeza simu mama ndiye anasema. Nikataka nione, ukiwa huna hiyo sauti, utasema nini."

"Mimi nakupenda, Kibibi."

"Unaniambia mimi. Wao hujawaambia."

Usinitazame hivyo, msomaji. Mimi pia sikulijua mpaka mtoto alipolitamka. Fundi alikaa pale, shoga kamsaliti, mtoto kamtega, na katika yote mawili ameambiwa ukweli. Aligeuka kumtafuta Makasi kwa macho, kama alivyozoea kila linapomfika. Makasi akakwepa.

"Hodi humu," sauti ya mjomba wa Fundi iliita nje. "Mpwa wangu, wageni wamefika. Fungua mlango mkubwa."

Wakaingia. Mjomba mbele, nyuma yake Baba Kibibi amenyoa vizuri, ndevu zimepigwa mstari, na alipomwona Makasi akajifanya hamjui. Nyuma yao akaja mzee mrefu mwenye fimbo, aliyeinama kupita mlangoni ingawa mlango ulimtosha. Huyu ndiye kaka mkubwa. Hakutaka chai, hakutaka maji. Alikaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," alisema. "Nimesafiri kusikiliza sauti ya marehemu. Iko wapi?"

Baba Kibibi alikohoa. "Kaka, nasikia simu imeharibika. Imevamiwa na wadukuzi. Basi tumalize tu, tumchukue mtoto."

"Umesikia kwa nani?" Fundi aliuliza.

Baba Kibibi alijipapasa ndevu. Mzee mwenye fimbo aligeuza shingo akamtazama mdogo wake, muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa.

"Simu haijaharibika," Kibibi alisema. "Hii hapa."

Aliinyanyua ili kila mtu aione. Kwenye kioo ilionekana ile sauti, na chini yake alama ya pipa la taka. Kidole chake kilikuwa juu ya pipa.

"Lete hapa, mwanangu," mzee alisema. "Tusikie, tuende zetu."

Fundi alijua. Dakika moja ya sauti, na vita vimekwisha. Mzee ataondoka, ukoo utaondoka, mtoto atabaki. Ilimbidi anyooshe mkono tu. Akaunyoosha, ukafika kwenye mkono wa Kibibi, akahisi vidole vya mtoto vimeikaza simu. Mama yake angekufa mara nyingine, humuhumu sebuleni, mbele ya watu walionyoa ndevu.

Mkono wa Fundi ukarudi mapajani.

"Amua wewe, mama," alimwambia. "Ni mama yako."

Kibibi alimwangalia. Kisha akabonyeza.

Mjomba aliinuka nusu akakaa tena. Makasi alitoa sauti kama mtu aliyejichoma sindano, maana hata yeye aliyetaka ifutwe hakudhani ataishuhudia ikifutwa. Kwenye kioo palibaki weupe mtupu.

"Imekwenda?" mzee aliuliza.

"Imekwenda," Kibibi alisema, na machozi yakamtiririka kimyakimya. "Sasa mama amepumzika."

"Basi mtoto ni wetu," Baba Kibibi alisema, akasimama. "Kaka, ulisema mwenyewe."

"Keti," mzee alisema bila kumtazama. Fimbo yake ilikuwa inaelekea mlangoni pa pazia, kwa Makasi. "Huyu mwanamke amelia kuliko wenye msiba. Wewe ni nani? Uliwahi kuisikia hiyo sauti ikitoka kwa mwenyewe?"

Sebule nzima ikamgeukia Makasi. Mkononi alikuwa bado ameshika gauni lake lililofumuliwa, pindo linaburuzika sakafuni, na Baba Kibibi alikuwa anamtikisia kichwa polepole, hapana.

Lakini Kibibi hakumwangalia Makasi, wala baba yake, wala fimbo. Aliiweka simu tupu mapajani kwa Fundi.

"Msimuulize yeye kwanza," alisema. "Mama mdogo, sema wewe."

Fundi alisimama, akafungua mdomo. Alichosema nitawaambia wiki ijayo, nafasi imeniishia tena.